Mstari Usio na Tarehe

Foleni ya duka la dawa la hospitali ilikuwa haisogei, na aliyeifanya isisogee alikuwa mwanamume mmoja wa shati la rangi ya krimu, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, viatu vinang'aa, uso una utulivu wa mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Kila aliyekuja na mtoto mgongoni aliambiwa, "Karibu, pita." Mzee wa mkongojo akaambiwa karibu, pita. Msichana aliyesema ana swali moja tu la kuuliza dirishani akakaribishwa naye, akapita, na lile swali moja likazaa ukoo mzima wa maswali.

Nyuma ya mwanamume huyo alisimama dada mmoja mwembamba, gauni la kijani, kilemba cha kijani kilichofungwa mbiombio, na karatasi ya dawa ya macho ya mama yake ikilowa jasho kiganjani. Alivumilia mpaka akachoka kuvumilia.

"Kaka, samahani," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa na samahani yoyote ndani yake. "Huo wema wako unaugawa kwa muda wangu."

Mwanamume akageuka. "Dada yangu, wana shida."

"Najua wana shida. Basi hama, njoo usimame nyuma yangu, ukaribishe watu mpaka jioni. Nafasi yako ni yako, igawe utakavyo. Yangu hukuniuliza."

Watu walicheka kichinichini. Dada alitegemea kujibiwa jeuri, na alikuwa ameshajiandaa kwa jeuri hiyo, lakini mwanamume alifikiri kidogo, akaokota mfuko wake, akahamia nyuma yake. Kisha dada akamsikia huko nyuma akiendelea kama kawaida, karibu mama, pita shangazi. Akauma midomo asicheke. Alipotoka na dawa zake alimkuta bado yuko palepale, amezungukwa na vikongwe wanaomwombea dua, akamwita Bwana Karibu na kumuuliza kama amepanga kulala hapo. Yeye akamuuliza jina. Dada akakataa kulitaja. "Basi nitakuita Shubiri," alisema Bwana Karibu, "maana unachukiza ulimini lakini nahisi unatibu."

Shubiri alikwenda zake amenuna, ila alinuna huku anatabasamu, jambo ambalo dada yake mkubwa aliliona mara tu alipoingia nyumbani na kumsumbua nalo jioni nzima.

Jumatatu iliyofuata mkuu wa kitengo akaingia ofisini kwa kina Shubiri na mfanyakazi mpya, na huyo mpya alikuwa amevaa shati la rangi ya krimu.

Ofisi ile ilikuwa na kazi moja, kukagua maelezo ya vifaa vya kompyuta. Siku hizi kazi nyingi za kupanga orodha na kupigia watu simu hufanywa na mawakala wa akili bandia, yaani programu zinazoamua zenyewe zitumie kifaa kipi kwa kazi ipi. Wakala haoni ndani ya kifaa. Husoma maelezo yake tu, aya moja au mbili, kama mgonjwa anavyosoma karatasi ya dawa, kisha huamini. Maelezo yakidanganya, au yakinyamazia jambo, wakala atakosea kwa uhakika mkubwa na kwa haraka isiyo ya kibinadamu. Shubiri, kwa maana jina hilo lilishasambaa ofisi nzima kabla ya saa ya chakula, ndiye aliyekuwa mkaguzi mkali kuliko wote. Maelezo yakisema "kila kitu" aliuliza kila kitu kipi. Yakisema "kwa urahisi" aliyafuta.

Namna yao ya kupima ilikuwa ya kizamani kuliko kazi yenyewe. Kwa kuwa maelezo yalifika kabla kifaa chenyewe hakijamalizika kwa mafundi, walitumia watu wawili na ukuta wa mbao katikati ya meza. Upande mmoja aliketi mkaguzi akijifanya wakala, mbele yake maelezo na kalamu. Upande wa pili aliketi mtu wa kujifanya kifaa, mbele yake kanuni za kifaa na faili la majaribio. Mkaguzi huandika ombi na kulipitisha kwenye mwanya chini ya ubao. Wa pili hufuata kanuni neno kwa neno na kurudisha kile ambacho kifaa kingerudisha. Haongei, haelezi, hasaidii. Mkuu wa kitengo, mama mmoja mnene mwenye miwani mikubwa na subira ndogo, alimwambia kila mgeni kwamba ukiwa kifaa, huruma unaiacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Bwana Karibu alipewa kazi ya kuwa kifaa. Mapenzi yao yakaota kwenye ule mwanya. Kutwa nzima hawakuruhusiwa kusemezana, naye Shubiri alijikuta anajua kikohozi chake, harufu ya sabuni yake, na mlio wa kalamu yake inapositasita. Saa ya chakula simu yake ililia, na mpigaji alikuwa amekaa meza ya tatu kutoka kwake.

"Shubiri wangu, umekula?"

"Si unaniona ninavyotafuna?"

"Nakuona. Nilitaka nisikie."

Mtu wa kusemeshwa namna hiyo atafanyaje? Shubiri alipenda, na alipopenda alipenda kama alivyofanya kazi, bila kuacha kitu. Mwaka haukuisha, Bwana Karibu akasema anataka kwenda kwao kujitambulisha, na siku ikapangwa kuwa Jumamosi.

Ijumaa ya kuamkia siku hiyo, mchana, yaliletwa maelezo ya kifaa cha kuchambua data. Kazi yake ilikuwa kuchukua orodha zilizovurugika, kama zile zinazoandikwa na wauguzi waliochoka, na kuzipanga katika mistari inayosomeka. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yenye majivuno: husoma orodha ya aina yoyote na kurudisha mistari yake yote ikiwa imepangwa. Faili la majaribio lilitoka kliniki ya macho, orodha ya wanaosubiri upasuaji. Wengine walikuwa na tarehe. Wengine hawakuwa nayo, kwa sababu bado hawajapangiwa, na hao ndio hasa wakala alitakiwa kuwapigia.

Shubiri alikuwa na kichwa kinachogonga. Alijua utaratibu: maelezo yakianguka, yanarekebishwa na jaribio linarudiwa siku inayofuata, iwe sikukuu iwe nini. Siku inayofuata ilikuwa ya wazazi wake. Hata hivyo aliandika maombi yake kwa ukali uleule, moja baada ya jingine, na kila mara karatasi zilirudi zimekamilika. Pale penye tarehe tupu paliandikwa "bado" kwa ule mwandiko wa kulalia upande alioupenda. Akaridhika. Akaandika kwamba maelezo yanasema kweli, akatia sahihi, akaenda kusukwa nywele.

Jumamosi ilikuwa ya furaha tupu. Bwana Karibu alikuja na mjomba wake, kanzu nyeupe, mkono baridi kwa woga. Baba yake Shubiri, mzee wa utani, alimuuliza kama ameshaiona hasira ya binti yake au bado anafichwa. Bwana Karibu akajibu kwamba hasira yake aliijua kwanza, yeye mwenyewe akamjua baadaye. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Posa ikapokewa. "Tarehe mtaniletea nyinyi wenyewe," alisema mwishoni. "Mnipigie mimi, nisije nikaisikia kwa majirani." Wakaahidi, kisha kazi zikawasonga, na tarehe ikabaki haijapangwa.

Msiba wa ofisi ulikuja kifaa kilipoanza kazi. Kliniki ya macho iliandika kulalamika, barua ya moto. Wakala wao alikuwa amepiga simu zote kwa adabu na kutangaza kwamba orodha imekwisha, hakuna anayesubiri. Wakati huohuo wagonjwa wasio na tarehe walikuwa majumbani kwao, simu mikononi, wanasubiri. Nafasi zao za upasuaji zilipewa wengine.

Mkuu wa kitengo aliitisha kikao. Alisoma barua ile, kisha akasoma hukumu ya mkaguzi, maneno yote ya Shubiri pamoja na sahihi yake, polepole, kama anamvua nguo mbele za watu. Akauliza ni mkaguzi gani anayepitisha maelezo bila kugundua kwamba kifaa kinameza watu. Shubiri alisimama, akasema alijaribu mistari isiyo na tarehe na ilirudi yote. Mtu mmoja akaguna. Mkuu akasema labda siku ile akili ilikuwa kwenye posa, na wengine wakacheka. Viti viwili kutoka pale Bwana Karibu alikuwa ameinamia meza, anakwaruza rangi ya penseli kwa ukucha.

Shubiri alirudi mezani kwake damu inachemka. Siku hizo kifaa chenyewe kilishakuwepo. Akakipa faili lilelile la kliniki. Kikarudisha wenye tarehe peke yao, safi, bila hata neno la kusema kuna walioachwa. Akarudia. Ikawa vilevile. Ndipo alipoiona akilini ile "bado" ya mwandiko wa kulalia, mstari kwa mstari. Kifaa hakiandiki "bado". Kifaa hakimwonei mtu huruma Ijumaa mchana.

Alimkuta Bwana Karibu kwenye ngazi za nyuma, anakotorokea kunywa chai. Gauni lake la manjano lilikuwa limekunjamana na kilemba kimemlegea, na Bwana Karibu alipomwona akaweka kikombe chini kabla hajaambiwa.

"Kanuni zilisema nini?" Shubiri aliuliza.

Hakujifanya haelewi. "Zilisema mstari usio na tarehe uachwe, taarifa isitolewe."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaupitisha. Ulikuwa unaumwa kichwa. Maelezo yangeanguka, kesho yake tungeshinda humu ndani, na baba yako anatusubiri. Nilidhani mafundi watalirekebisha wenyewe, ni jambo dogo. Nilikusaidia, mpenzi."

"Usiniite mpenzi." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilimtisha Bwana Karibu kuliko kama angepigiwa kelele. "Nilikaa pale nikakuuliza kwa kalamu yangu, mara ngapi sijui, niambie ukweli. Wewe ukaniandikia uongo mzuri. Nimetia sahihi uongo wako. Kuna watu wanapofuka kwa sababu ulitaka nilale mapema."

"Nilikosa."

"Hilo ni kosa la Ijumaa. Leo je? Nimesimama mbele ya watu nachekwa, wewe unakwaruza penseli. Leo ulikuwa unamsaidia nani?"

Bwana Karibu alisema aliogopa. Alisema hivyo tu, hakupamba. Shubiri alimtazama lile shati lake la krimu, safi, limepigwa pasi, akatamani kulimwagia ile chai, akaona heri asiipoteze chai ya moto. Akamwambia kwamba ni yuleyule wa foleni, anagawa visivyo vyake, akamwonya asimpigie simu, akapanda ngazi.

Alipiga, bila shaka. Shubiri alipokea mara ya kwanza ili kumweleza kwamba hapokei. Mara ya pili alipokea ili kumuuliza kama mara ya kwanza hakusikia. Mara ya tatu Bwana Karibu aliwahi kusema kabla hajakatiwa: asubuhi ile alikuwa ameingia kwa mkuu wa kitengo na kueleza yote, posa na kichwa na "bado", na mkuu ameshamwondoa kwenye kazi ya ukaguzi na kumpa barua ya onyo.

"Umesema baada ya mimi kujua," Shubiri alijibu. "Jana ungekuwa shujaa. Leo umewahi tu kabla sijakusema." Akakata. Kisha akalia kwa hasira, dada yake mkubwa amekaa pembeni ya kitanda, akisema yule ni mtu mwema, amekosea kwa kupenda. Shubiri akamjibu kwamba kukosewa kwa kupendwa kunauma zaidi, maana hata hujui umpige nani.

Kliniki ilitoa majina ya walioachwa, na Shubiri akaomba awapigie mwenyewe, kwa sauti yake, wakala asiguse. Alitaka aadhibiwe ipasavyo. Wengi walishukuru tu kupigiwa, na shukrani zile zilimchoma. Mmoja, fundi cherehani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama simu yake ilikuwa na kasoro, kwa sababu aliilaza kwenye mto kila siku na sasa jicho la kulia halitungi tena uzi kwenye sindano. Shubiri alimwambia simu yake haikuwa na kasoro yoyote, na kwamba waliokosea ni wao wawili, aliyeandika na aliyetia sahihi. Fundi akauliza, huyo mwingine ni kijana wa kiume? Maana kuna kijana amempigia asubuhi akisema hayohayo, na amejilaumu peke yake.

Shubiri alibaki ameshika simu. Bwana Karibu alikuwa anapiga simu zilezile, kutoka upande wa pili wa orodha, bila kumwambia. Hasira yake haikuondoka. Ilipata tu mahali pa kukaa.

Akaenda kwa mkuu wa kitengo. Alisema jaribio lirudiwe, na anamtaka kifaa yuleyule. Mkuu alivua miwani, akamuuliza kama ni kazi au ni mapenzi. Shubiri akasema anataka kujua jambo, na hakuna mahali pengine pa kulijua. Mkuu akasema mara moja tu, na yeye mwenyewe atakuwepo chumbani.

Safari hii mkaguzi ndiye aliyetayarisha faili. Alichukua orodha ya kliniki, majina yakiwa yamebadilishwa, na mwishoni kabisa akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake: Shubiri, ameposwa, tarehe tupu. Likapelekwa upande wa pili. Naye akaketi, kilemba cha kijani kimefungwa sawasawa leo, akaandika ombi lake la kwanza: nipe mistari yote.

Alijua anachokipima. Kama mstari ule utarudi, wenye "bado", au nukta, au alama yoyote ya huruma, basi mwanamume huyu atamficha ukweli maisha yake yote, kila atakapoona kichwa kinamgonga, na ndoa haipo. Aliisikia kalamu ikienda. Ikaenda vizuri mpaka chini ya ukurasa. Ikasimama. Kule ng'ambo mtu alivuta pumzi na kukaa nayo, na mkuu wa kitengo pale kwenye kiti chake akaacha kujipepea.

Karatasi ikapita kwenye mwanya. Shubiri aliisoma kutoka juu. Wenye tarehe walikuwepo. Wasio na tarehe hawakuwepo, wala hapakuwa na neno la kusema wapo walioachwa. Yeye hakuwepo. Mahali pake palikuwa peupe.

Akaandika ombi la pili: kuna mstari wowote ulioachwa? Jibu likarudi kama kanuni zilivyotaka: ombi halieleweki.

Shubiri akaandika hukumu yake, kwamba maelezo yanadanganya, na chini yake maneno ya kuongezwa: kifaa hiki huacha mistari isiyo na tarehe bila kutoa taarifa, kisitumike kwa orodha ya wanaosubiri. Akatia sahihi. Mkuu wa kitengo aliichukua, akaisoma, akasema sasa ndiyo kazi, akatoka bila kuaga.

Shubiri akazunguka ubao. Bwana Karibu alikuwa amekaa mikono juu ya meza, macho mekundu, lile faili mbele yake.

"Umeniacha nje," Shubiri alisema.

"Huna tarehe."

"Iliuma?"

"Sana."

"Vizuri." Alivuta kiti, akaketi, si karibu sana. "Bado nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo muda mrefu, usijidanganye. Siku nyingine nikikuuliza jambo, nyuma ya ubao au nje ya ofisi, nijibu kama ulivyonijibu leo. Hata kama naumwa. Hata kama nitalia."

"Nitakujibu."

"Na ukiona nachekwa kwa kosa lako?"

"Nitasimama."

Shubiri alilivuta lile faili, akautazama mstari wake wa mwisho, mahali pa tarehe pakiwa patupu. Kisha akatoa simu yake, akatafuta jina, akabonyeza, akaiweka mezani mbele ya Bwana Karibu. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa Baba. Ilishaanza kuita.

"Alisema tumpelekee tarehe wenyewe," alisema. "Chagua tarehe, umwambie. Na umweleze kwa nini imechelewa, usiache mstari hata mmoja."

Bwana Karibu akainyanyua simu kwa mikono miwili. Upande wa pili mzee akaitika kwa sauti yake ya utani, akauliza binti yake kamkosea nani leo. Bwana Karibu akasema shikamoo baba, akaanzia Ijumaa mchana. Palipokuwa pagumu alikwama, akamtazama Shubiri. Shubiri alikunja mikono, hakumsaidia hata neno.